Usikubali Ifutwe Kabla Faili Hazijatoka

MEZA YA FUNDI: Barua zenu na majibu kutoka Kondele, Kisumu

Mwezi huu barua zimezidi nafasi, na karibu zote zina kilio kimoja: kompyuta yenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ilikuwa nzima jana, leo inaandika maneno meupe kwenye skrini nyeusi na haisongi. Mvua ya masika ina mkono wake hapo. Stima ikikatika mara tatu kwa siku, mashine haziwezi kubaki salama zote. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua wengi mmekwama pale pale alipokwama mwalimu huyu, na wengine wenu mmeshaambiwa mlipe pesa ili kazi yenu ifutwe.

*

Dada Fundi, salamu kutoka Njoro. Mimi ni mwalimu wa shule, na ndiye ninayetunza alama za madarasa matatu. Kipakatalishi changu ni HP ya mtumba, nacho kina Ubuntu niliyowekewa na mpwa wangu. Jumatatu jioni nilikuwa naingiza alama, stima ikapotea. Betri ilikufa zamani, kwa hivyo mashine ilizimika papo hapo. Stima iliporudi niliiwasha, ikaandika mistari mingi ya Kiingereza kisha ikasimama kwenye neno initramfs lililo ndani ya mabano. Iko hapo mpaka leo. Fundi mmoja mjini Nakuru ameniambia diski imeoza, atafuta kila kitu aniwekee mfumo mwingine kwa shilingi 2,500. Alama hizo sina nakala yake popote. Nifanye nini?
Mwalimu, Njoro

Mwalimu, pole sana. Naomba usimpe mtu yeyote mashine hiyo kabla hujalisoma jibu hili lote. Kwa jinsi ulivyoeleza, kuna matumaini makubwa kwamba alama zako zipo mahali ulipoziacha.

Nieleze kwanza kilichotokea. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, huhifadhi faili kwa utaratibu uitwao ext4. Utaratibu huu una daftari dogo pembeni. Kabla ya kugusa orodha kuu ya faili, mfumo huandika kwenye daftari hilo kile unachokusudia kufanya, kama karani anayeandika kwa penseli kabla ya kupitisha wino. Stima ikikatika katikati ya kazi, mashine ikiwaka tena hulisoma daftari, ikaimalizia kazi iliyokatika au ikaiacha, na wewe hata hujui kama kulikuwa na shida. Hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Lakini diski nayo ina kumbukumbu yake ndogo ya muda, na umeme unaweza kukatika wakati maandishi yako humo, hayajatua mahali pake. Asubuhi yake daftari linasema hivi, orodha inasema vile.

Hiyo initramfs ni mfumo mdogo sana unaopakiwa kwenye memori kabla ya mfumo mkubwa kuamka. Kazi yake ni kuitafuta diski yako na kuifungua. Wako umeifikia diski, ukaona orodha haipatani, ukasimama kukusubiri wewe mwenye mali uamue. Hicho ulichoambiwa kuwa ni diski iliyooza huenda ni tahadhari tu.

Sasa inua macho juu ya neno hilo, usome mistari mitatu au minne iliyotangulia. Najua ni Kiingereza cha mashine, lakini usikiruke, maana ndicho kinachokuambia ugonjwa ni upi. Ukiona fsck, programu ya kukagua orodha ya faili, ikitajwa pamoja na jina kama /dev/sda2, piga picha kwa simu yako. Hilo ndilo jina la sehemu ya diski iliyo na shida. Mashine nyingine huiita nvme0n1p2. Usishtuke, ni kitu kile kile. Lakini ukiona mistari inayotaja I/O error, yaani diski imeshindwa kusoma au kuandika, ikirudiwa rudiwa, ruka hadi barua ya mwisho ya ukurasa huu, kwa kuwa hayo ni maradhi mengine.

Watu watakuambia andika fsck hapo hapo, mashine itawaka. Ni kweli, mara nyingi itawaka. Hata hivyo fsck kazi yake ni kunyoosha orodha; haikuahidi faili hata moja. Ikikuta jina ambalo haliko sawa inaweza kulikata ili mengine yapatane, na jina hilo likawa ndilo la alama za darasa la 7. Kwa mashine ambayo ina kitu kisicho na nakala, mimi huzitoa faili kwanza, kisha ndiyo nitengeneze. Utaratibu huo sijauvunja kwa miaka mingi, na hapo chini nitakuambia kwa nini.

Tafuta flashi mbili. Moja iwe ya GB 8 au zaidi, nayo itafutwa yote, kwa hivyo isiwe na picha za harusi ya mtu. Nenda saiba yenye intaneti ya haraka, uwaombe wapakue Linux Mint au Ubuntu, kisha waiandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kuinakili tu kama unavyonakili wimbo hakutoshi; flashi ya namna hiyo haitawaka. Ukifika nyumbani chomeka flashi, washa HP yako huku ukigonga kitufe cha Esc, kisha F9, uchague flashi hiyo. Dell na Lenovo nyingi hutumia F12. Itakapokuuliza kama unataka kujaribu au kusakinisha, chagua kujaribu. Hapo tulia, Mwalimu, soma mara mbili kabla ya kubonyeza. Kujaribu hakugusi diski yako. Kusakinisha kunaweza kuifuta yote.

Mfumo wa flashi ukishawaka, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

lsblk -f

Utaona diski na sehemu zake. Tafuta iliyoandikwa ext4. Tuseme ni sda2. Sasa ifungue kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro,noload /dev/sda2 /mnt

Neno sudo linaomba ruhusa ya msimamizi wa mashine. Herufi ro zinazuia kitu chochote kuandikwa, na noload inauambia mfumo usijaribu hata kulimalizia lile daftari. Unaingia chumbani na mikono mfukoni. Faili zako ziko ndani ya /mnt/home, kwenye folda yenye jina lako la mtumiaji. Chomeka flashi ya pili, nakili kila kitu unachokihitaji. Ukiambiwa huna ruhusa ya kufungua folda, tumia sudo cp -r kwenye terminali, itakubali. Kisha fanya jambo ambalo watu husahau: fungua faili ya alama kutoka kwenye ile flashi ya pili, kwa LibreOffice iliyomo humo humo kwenye mfumo wa kujaribu, uteremke mpaka safu ya mwisho. Usihesabu faili kuwa imeokoka kabla hujaiona imefunguka.

Alama ulizokuwa unaziingiza dakika ile ya mwisho, kabla hujabonyeza kuhifadhi, huenda zikakosekana. Hizo utaziingiza tena kutoka kwenye karatasi za mtihani.

Baada ya hapo ndipo tutengeneze. Funga sehemu ile, kisha ikague:

sudo umount /mnt
sudo fsck.ext4 -f -y /dev/sda2

Ile umount usiiache. Kuendesha fsck kwenye sehemu iliyofunguliwa kwa kuandika ni kumpasua mgonjwa akiwa anatembea. Nimepokea mashine zilizoharibiwa kwa njia hiyo tu. Ikimaliza, itakuambia imerekebisha nini. Vipande vya faili vilivyopoteza majina huwekwa kwenye folda iitwayo lost+found, vikiwa na namba badala ya majina. Vichungulie kabla ya kuvitupa. Zima, toa flashi, washa. Natarajia itawaka.

Kuhusu madai kwamba diski imeoza, usibishane na mtu, iulize diski yenyewe. Sakinisha smartmontools, programu inayosoma rekodi ya afya ya diski, kisha:

sudo smartctl -a /dev/sda

Kama ni diski ya kuzunguka, yenye sahani ndani yake, tazama mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho wa mstari ikiwa 0 kwa yote miwili, sioni sababu ya kuilaumu diski; stima ndiyo iliyokuumiza. Zikiwa makumi au mamia, nunua diski nyingine wiki hii.

Na hiyo betri, Mwalimu. Kipakatalishi chenye betri iliyokufa hakina tofauti na kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba ya pembeni: kila stima ikipotea, kinakatwa pumzi katikati ya sentensi. Zile shilingi 2,500 ulizotakiwa kulipa ziweke kwenye betri.

Nimeahidi kukuambia kwa nini nashika utaratibu huu. Mwaka 2011 nilikuwa mwanagenzi katika duka moja la kompyuta hapa Kisumu. Kijana mmoja alileta mashine iliyogoma kama yako. Mwenye duka akaniambia nifomati, niweke mfumo mpya, nisimcheleweshe mteja. Nikafanya. Jioni kijana akarudi, akaitazama skrini mpya inayong'aa, akauliza, "Na kazi yangu iko wapi?" Ilikuwa utafiti wake, miezi minane ya kuwapima samaki aina ya ngege na mbuta ufuoni, asubuhi baada ya asubuhi. Sikuwa na la kumjibu. Aliketi kwenye ngazi ya duka mpaka tukafunga, na hakunitukana hata neno moja. Wiki chache baadaye nilipata mashine yenye maneno yale yale. Safari hii niliyasoma polepole, na ikapona kwa amri moja. Nililia siku hiyo. Bado huwa namwona kijana yule kila mteja anapoweka mkoba wake juu ya meza hii.

*

Habari Fundi. Niko chuoni Maseno, mwaka wa 4. Kipakatalishi changu cha zamani kina Windows na Linux Mint. Juzi nikiwa upande wa Windows nilifuta sehemu moja ya diski ambayo niliona haina kitu, nikitaka nafasi. Nilipowasha tena nikapata error: no such partition, na chini yake grub rescue. Windows haiwaki, Mint haiwaki. Mwenzangu wa hosteli anasema nimeifuta Linux yote, na mradi wangu uko humo. Siwezi kulala.
Mwanafunzi, Maseno

Mdogo wangu, lala. Kama sehemu uliyofuta kweli haikuwa na kitu, Linux yako iko. Kilichopotea ni anwani yake.

GRUB ni bawabu. Kompyuta ikiwaka, yeye ndiye anayeamka kabla ya Windows na Mint, anatafuta chumba chenye vitu vyake vilivyobaki, kisha anakuuliza uingie Windows au Mint. Kwenye mashine za zamani zenye BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine, kichwa cha bawabu huyu hukaa mwanzoni kabisa mwa diski, na ndani yake imeandikwa namba ya chumba. Sasa sikiliza hesabu hii. Katika mpangilio wa zamani wa diski, sehemu zilizo ndani ya ile kubwa ya nyongeza huhesabiwa kuanzia 5, na huhesabiwa kwa foleni. Ukifuta namba 5, iliyokuwa 6 inasogea na kuwa 5. Bawabu anaendelea kugonga mlango namba 6, hakuna mlango, anasema hakuna sehemu kama hiyo. Windows nayo haiwaki kwa sababu funguo zake anazo bawabu huyo huyo.

Kwenye hiyo grub rescue andika ls peke yake. Itakupa orodha ya sehemu. Zijaribu moja moja:

ls (hd0,msdos5)/boot/grub

Nyingine zitajibu unknown filesystem. Mara nyingi hizo ni za Windows, ziache. Ile itakayokuonyesha majina ya faili ndiyo yako. Ikiwa ni msdos5, endelea:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Menyu uliyoizoea itatokea. Ingia Mint, na kabla ya jambo lingine lolote nakili mradi wako nje ya mashine hiyo. Halafu mpe bawabu anwani mpya, maana uliyompa sasa ataisahau ukizima:

sudo grub-install /dev/sda
sudo update-grub

Angalia hapo, ni sda bila namba. Bawabu anakaa kwenye diski nzima, hakai kwenye chumba kimoja. Wanaoweka namba hupata onyo, na wengine hulazimisha, wakaniletea mimi.

Ikiwa ls haikuonyeshi sehemu yoyote yenye faili hizo, basi huenda kweli umefuta iliyokuwa na Mint. Hata hivyo kazi haijaisha. Kufuta sehemu ni kung'oa kibao cha jina mlangoni. Vitu vya ndani havijaguswa mpaka mtu aandike juu yake. Kwa hiyo usiunde sehemu mpya, usisakinishe chochote kwenye diski hiyo. Washa kwa flashi kama nilivyomweleza Mwalimu wa Njoro, usakinishe humo humo kwenye mfumo wa flashi testdisk, programu ya bure iliyoandikwa na Christophe Grenier, uiambie itafute sehemu zilizopotea. Imenirudishia diski ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kuzililia.

Kwa wengine wenye mashine mpya za UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani, ambazo ghafla zinaingia Windows moja kwa moja kana kwamba Linux haikuwahi kuwepo: fungua mipangilio ya BIOS, tafuta mpangilio wa kuwasha, upandishe jina la Ubuntu juu ya Windows. Mara nyingi ni hilo tu.

*

Fundi, mimi ni katibu wa chama chetu cha akina mama, Mbale, Vihiga. Hesabu zetu ziko kwenye kompyuta ya mezani yenye Ubuntu. Binamu yangu alitufungia diski ya nje ya kuwekea akiba. Wiki iliyopita niliichomoa nikaipeleka nyumbani kwa usalama. Sasa kompyuta inakaa muda mrefu bila kufanya kitu, halafu inasema emergency mode. Wanachama wanataka hesabu Jumamosi.
Katibu, Mbale

Mama Katibu, rudisha diski ile pale ilipokuwa, kisha uwashe. Jumamosi yako imeokoka.

Ukishawapa wanachama hesabu zao, turekebishe chanzo. Ubuntu ina faili iitwayo /etc/fstab, orodha ya diski ambazo mfumo hufungua kila unapowaka. Binamu yako aliiandika diski ya nje humo kama kitu cha lazima. Ulipoichomoa, mfumo uliisubiri kwa sekunde 90, ukaikosa, ukakataa kuendelea. Haukukosea, ulitii ulivyoandikiwa. Andika:

sudo nano /etc/fstab

Utaona mistari inayoanza na UUID. Kwenye mstari wa diski ya nje, na huo peke yake, tafuta neno defaults uliongezee liwe defaults,nofail bila nafasi kati yake. Hifadhi kwa Ctrl na O, bonyeza Enter, toka kwa Ctrl na X. Kuanzia hapo diski ikiwepo itafunguliwa, isipokuwepo mfumo utaendelea na safari. Usiguse mstari wenye alama ya mkwaju (/) peke yake. Huo ndio wa mfumo mzima.

Aliyepoteza diski ya nje kabisa na hawezi kuirudisha afanye hivi: akiombwa abonyeze Enter au aweke nywila ya msimamizi, afanye hivyo, aandike mount -o remount,rw / kisha aifungue fstab kwa nano kama hapo juu. Akiambiwa akaunti ya root, yaani ya msimamizi mkuu, imefungwa, awashe kwa flashi, afungue diski, airekebishe faili hiyo kutoka nje.

Na nakusifu kwa kuipeleka akiba nyumbani. Akiba inayolala chumba kimoja na kompyuta huibiwa nayo usiku mmoja.

*

Sasa Fundi, yangu inawaka vizuri, naweka nywila, skrini inapepesa, inanirudisha pale pale pa kuweka nywila. Nywila ni sahihi, nina uhakika.
Kijana wa Nyalenda

Nakuamini. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, uingie kwa jina na nywila yako kwenye skrini nyeusi, uandike df -h. Mstari unaoishia na mkwaju ukionyesha 100%, diski imejaa na mfumo hauna hata nafasi ya kukufungulia meza. Andika sudo apt clean, kisha sudo journalctl --vacuum-size=100M, halafu uondoe filamu ulizopakua. Kama diski haijajaa, andika ls -l ~/.Xauthority, ukiona mwenye faili ni root, uliwahi kufungua programu ya madirisha kwa sudo. Jirudishie umiliki:

sudo chown $USER: ~/.Xauthority

*

Binti yangu, hujambo. Mimi ni mwalimu wa kwaya mstaafu, huku Kakamega. Kwa miaka mingi nilirekodi nyimbo za kwaya yangu nikaziweka kwenye kipakatalishi chenye Linux Mint. Baadhi ya sauti zilizomo ni za watu tuliokwisha kuwazika. Mjukuu alikiangusha kutoka mezani. Sasa nikiwasha, ndani kunagonga, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani, halafu maandishi ya makosa yanajaa. Wakati mwingine inafika nusu ya kuwaka, ndiyo sababu naijaribu kila asubuhi. Nimesoma majibu yako ya zamani kuhusu fsck. Je, niiendeshe?
Mwalimu wa kwaya, Kakamega

Baba, shikamoo. Usiiendeshe. Na ninakuomba, usiiwashe tena hata mara moja, hata kesho asubuhi.

Diski yako ni ya zile za kuzunguka. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka mara nyingi sana, kwa vipakatalishi kawaida ni mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kinaelea kichwa kidogo cha kusomea ambacho hakigusi sahani. Hiyo tik tik ni kichwa kinachotafuta mahali pa kuanzia, kinakosa, kinarudi, kinatafuta tena. Kikiwa kimepinda kwa ule mwanguko, kila ukiwasha kinaweza kuikwaruza sahani yenyewe, na palipokwaruzwa sauti iliyokuwapo haitarudi. Fsck ingelilazimisha kichwa hicho kukimbia huku na huko kukagua orodha, tena ikiandika. Ni dawa nzuri kwa Mwalimu wa Njoro, ni sumu kwako.

Kwa kuwa unasema wakati mwingine inafika nusu, kichwa hakijafa kabisa, na hapo ndipo tumaini langu lilipo. Nitaitoa diski, nitaiunganisha kwenye mashine yangu bila kufungua faili zake, na nitatumia programu ya ddrescue, ambayo kwenye Ubuntu na Mint husakinishwa kwa jina gddrescue:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb kwaya.img kwaya.map

Hii hunakili diski nzima, chembe kwa chembe, kwenda kwenye diski nyingine isiyo na ugonjwa, iliyo kubwa kuliko yako. Inachota kwanza yale yanayosomeka kwa urahisi, inayaruka yanayogoma, na kwenye ile faili ya ramani inaandika ilipofika. Diski ikichoka naizima, naiacha ipoe, naendelea nilipoishia. Nikishayapata yaliyo rahisi ndipo nirudi kwa yale magumu bila ile -n, na -r3 ili ijaribu mara tatu. Kazi yote ya kutengeneza nitaifanya juu ya nakala. Diski yenyewe itarudi kwenye bahasha yake.

Nikuambie wazi nisichoweza. Diski ikikataa kabisa kuonekana, inahitaji kufunguliwa katika chumba kisicho na vumbi na watu wenye vipuri vyake, na gharama yake ni kubwa. Mimi siifungui hapa Kondele. Vumbi la barabarani peke yake lingeimaliza. Nikifika hapo nitakupigia kabla ya kufanya lolote, na uamuzi utakuwa wako na wa familia yako.

Mashine ifunge kwenye blanketi au sweta, isiwekwe kwenye buti ya matatu, mtu aipakate mapajani mpaka Kisumu. Njoo nayo Jumatano, siku hiyo sipokei kazi nyingine. Kabla hujaja, tuma neno kwa wanakwaya wako wa zamani na kwa jamaa za wale waliotutoka, waangalie simu zao kuukuu, kadi za memori, sidii zilizochomwa kwa ajili ya harusi na matanga. Na uniandikie kwenye karatasi majina ya nyimbo unazozitaka kwanza, kwa mpangilio, ili diski ikinipa muda mfupi tu wa kusoma, nijue nianzie wapi kuzitafuta ndani ya nakala.